Adapta Iliyojibu Yenyewe

Waliwekwa getini dakika arobaini. Inspekta alizihesabu kwa saa yake ya mkononi. Hakuwa na haraka. Anayemweka polisi getini anajipatia muda wa kufanya jambo, na yeye alitaka kujua amejipatia muda gani. Pembeni yake Sajenti, mtu mzima aliyebakiza miaka miwili kustaafu, alikuwa amekumbatia sanduku la ushahidi, jasho likimtiririka shingoni.

Mkurugenzi alipotokea hakutoa mkono.

"Nimeshaongea na wenzenu kwa simu," alisema. "Kifaa kilichoungua kwa yule mwalimu ni bandia. Mtafuteni anayetengeneza bandia, msije kunisumbua mimi na watu wangu."

"Tutamtafuta kama yupo," Inspekta alisema. "Tunaweza kuingia?"

"Mna hati?"

Sajenti aliitoa mfukoni, imekunjwa mara nne. Mkurugenzi aliisoma yote, mpaka muhuri, kisha akairudisha kwa ncha za vidole kama kitu kilichookotwa jaani.

"Mnapoteza muda wenu. Wangu mmeshaupoteza."

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza nane na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka. Hapo ndipo vilipotengenezwa vituo vya kuunganishia kompyuta mpakato: kijisanduku cha ukubwa wa kiganja, unachomeka waya mmoja kwenye kompyuta na kutoka humo unapata skrini kubwa, kibodi, spika na chaji. Mafundi wote walikuwa wameinamisha vichwa. Hakuna aliyesalimia. Inspekta aliona kwamba kwenye meza ya tatu fundi mmoja alikuwa anakaza skrubu ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Mwalimu aliyekufa alikuwa mstaafu wa hesabu, mama wa watu wazima, aliyefundisha watoto wa wenzake kwa mtandao kutoka chumbani kwake. Jumamosi saa kumi alasiri moto ulianzia mezani, ukapanda pazia. Binti yake aliyekuwa uani alimkuta kifudifudi nyuma ya mlango, mkono umefika kwenye kitasa. Moto haukumgusa. Moshi ndio uliomaliza kazi.

"Huyu ni mdogo wangu," Mkurugenzi alisema, akimwonyesha kidole mtu mwembamba mwenye miwani aliyekuwa anainuka kwenye meza ya mwisho. "Ndiye anayesanifu kila kitu hapa. Na yule mwenye koti jeupe ni mkewe, ndiye mpimaji. Waulizeni, mridhike, mwende."

Msanifu alikuwa mtu wa kwanza siku hiyo kuvuta kiti na kumkaribisha Inspekta akae. Mkewe hakuinua uso.

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu," Inspekta alisema. "Kituo hiki kinafanyaje kazi?"

Msanifu alichukua kompyuta mbili za zamani na kuzigeuza ubavu. "Tazama haya matundu, Afande. Umbo moja. Waya uleule unaingia kote. Lakini hili la kwanza linapokea chaji na kupeleka picha, na hili la pili linapitisha data tu. Ukilisukumia umeme mkubwa unaliunguza. Mteja hawezi kujua kwa macho. Kwa hiyo kituo changu kinauliza kwanza. Kinaiambia kompyuta: wewe unaweza kupokea kiasi gani? Ikijibu, kinaipa kile ilichoomba. Ikikaa kimya, hakitoi kitu."

"Shemeji, mwonyeshe," Mkurugenzi alisema.

Mpimaji alichukua kituo kipya, akakichomeka kwenye kompyuta iliyoandikwa namba kumi na moja, akaweka ncha za mita kwenye waya. Taa nyekundu iliwaka. Mita ilisoma sifuri.

"Umeona?" Mkurugenzi alisema. "Kimekataa. Chetu kinakataa. Kilichoungua kwa yule mama hakikukataa, maana si chetu. Kuna lingine?"

"Lipo moja." Inspekta alifungua sanduku na kutoa mfuko wa plastiki angavu. Ndani mlikuwa na kipande cha waya kifupi kama kidole, kimeungua upande mmoja. "Hii adapta ilikuwa katikati ya kituo na kompyuta."

"Bandia."

"Boksi lake tulilikuta kabatini kwa marehemu. Lina lakiri yenu, na ndani kuna kadi yenu ya dhamana. Mtaalamu wetu amepasua ganda la adapta. Ndani amekuta chipu ndogo ambayo kazi yake ni moja tu, kujibu. Kituo kinauliza, kompyuta ya mwalimu iko kimya kwa sababu haiwezi kupokea, na hii adapta inajibu badala yake. Inasema: ndiyo, nipe volti ishirini."

Fundi wa meza ya tatu aliacha skrubu yake.

Mkurugenzi aliusogelea ule mfuko na kuugeuza. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Hiyo si ndiyo ile adapta ya toleo la pili?"

"Inafanana nayo," Msanifu alisema taratibu.

"Basi na kama ni ya kwetu, ilipimwa," Mkurugenzi alisema, sauti imepanda. "Hakuna kitu kinatoka hapa bila kupimwa kwa wazee wote arobaini. Daftari lipo."

Wazee walikuwa kwenye rafu ndefu ukutani: kompyuta arobaini za kila umri na kila kampuni, zilizonunuliwa zikiwa zimechoka, kila moja na namba yake kwa wino mweupe. Kila kifaa kipya kilipaswa kuchomekwa kwa kila mzee, hasa wale wenye matundu yasiyopokea chaji. Inspekta alifungua daftari la vipimo. Toleo la pili, tarehe kumi na tatu. Mistari arobaini, mwandiko mmoja ulionyooka, na kila mstari uliishia na neno "salama". Mstari wa ishirini na tatu ulikuwa kompyuta ya aina ileile aliyokuwa nayo mwalimu.

Alitembea mbele ya rafu akizigusa moja moja kwa kidole. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Ishirini na nne.

Kati ya hizo mbili palikuwa na nafasi, na ubao wake ulikuwa msafi kuliko mwingine.

Hakuuliza kwa sauti. Alimwambia Sajenti ampeleke Mpimaji stoo akakae naye, akamwomba Msanifu abaki mezani pake, kisha akamfuata Mkurugenzi ofisini na kufunga mlango.

"Namba ishirini na tatu iko wapi?"

"Kwa fundi wa skrini. Mdogo wangu aliipeleka." Mkurugenzi alikuwa hajakaa, naye hakumkaribisha mgeni kukaa. "Wewe umekuja na jibu lako mfukoni, unatafuta swali la kulivisha."

Msanifu naye aliulizwa mezani pake, kwa sauti ya chini. "Tuliitupa, Afande. Ilikuwa mbovu siku nyingi."

Stoo, Mpimaji alijibu akiangalia ukuta. "Sijui. Mimi napima, situnzi."

Kompyuta moja, majibu matatu. Inspekta alirudi karakana na kusimama katikati, mikono nyuma. Watu wa pale walizoea kutazama vitu vya ukubwa wa punje ya mchele. Yeye alitazama juu. Dari lote lilikuwa limegeuka rangi ya chai kwa miaka ya moshi wa kulehemu, isipokuwa juu ya meza ya vipimo. Pale palikuwa na duara jeupe pe, limepakwa rangi upya. Chini yake, ukutani, ulining'inia mtungi wa kuzimia moto. Aligeuza kadi iliyofungwa shingoni mwa mtungi na kuisoma mara mbili, kisha akaandika kitu kwenye kijitabu chake.

"Mheshimiwa," alimwita Mkurugenzi. "Hapa paliungua lini?"

"Birika la chai liliungua. Niliambiwa birika. Sikuwepo, nilisafiri tarehe kumi na mbili, nikarudi kumi na tano, nikakuta wamepaka rangi. Au na birika nalo ni kosa la jinai?"

"Nani alikuambia birika?"

Mkurugenzi alifungua mdomo, lakini mdogo wake alimwahi.

"Kaka, basi," Msanifu alisema. Alikuwa amevua miwani na kuifuta kwa pindo la shati. "Mimi siwezi tena. Afande, nilikuwa namstahi kwa sababu ni damu yangu. Ila mtu amekufa."

Akavuta droo, akatoa bahasha, akaiweka mezani mbele ya Inspekta.

Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja, imepigwa chapa na kusainiwa. Juu iliandikwa: leo Jumatatu, tarehe kumi. Kwa Mkurugenzi. Msanifu aliandika kwamba chipu ya kujibu iliingizwa kwenye adapta kwa amri ya Mkurugenzi, kinyume cha ushauri wake. Kwamba tundu la namba ishirini na tatu limeyeyuka wakati wa majaribio na meza kushika moto. Kwamba Mpimaji ameandika vipimo kwa uzembe bila kupima, na yeye, Msanifu, anajitoa katika dhamana yoyote itakayofuata.

"Nilimkabidhi mkononi siku hiyohiyo," alisema.

"Mwongo!" Mkurugenzi alipiga meza kwa ngumi mpaka skrubu zikaruka sakafuni. "Hiyo karatasi sijawahi kuiona. Wewe nilikulea, nikakusomesha, leo unaniuza mbele ya polisi?"

"Ulinilea, ndiyo. Kila siku unanikumbusha."

Sajenti, aliyesikia kishindo, alikuwa ameshatoka stoo na kusogea nyuma ya Mkurugenzi, mkono karibu na pingu. Ilionekana kama mambo yamekwisha. Mwenye kiburi ameshikwa, na mpole amesema ukweli. Mafundi wawili walikuwa wanatikisa vichwa kama watu walioyajua siku nyingi.

Inspekta hakumtazama Sajenti. Aliisoma barua hadi mwisho, akaichukua, akaenda nayo stoo.

Mpimaji alikuwa ameketi juu ya kreti, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Nimeshasema sina la kusema," alisema kabla mlango haujafungwa. "Mnaweza kunipeleka ndani. Mume wangu ataniwekea wakili."

"Sijaja kukuuliza. Nimekuletea usome."

Alisoma haraka mwanzoni. Karibu na mwisho macho yake yalisimama, yakarudi nyuma mstari mmoja, yakasimama tena. Inspekta alisubiri. Nje Mkurugenzi alikuwa anafoka, na Sajenti anamtuliza kwa sauti ya mtu anayebembeleza ng'ombe.

"Kwa uzembe," Mpimaji alisema.

"Ndivyo alivyoandika."

"Mimi?" Alikunja karatasi vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, akamrudishia. "Miaka tisa, Afande. Sijawahi kuandika namba ambayo sikuiona kwenye mita. Isipokuwa siku moja."

"Tarehe kumi na tatu."

"Asubuhi hiyo nilianza na namba moja. Nilipofika ishirini na tatu ilitoa moshi, halafu moto, mpaka darini. Nikauzima mwenyewe kwa mtungi. Nikamwambia mume wangu, hii haitoki. Akasema shemeji yako ameshaondoka na sampuli, wenye maduka wameshakubali, nikibadilisha sasa atanitukana mpaka nife. Akasema andika, nitairekebisha kabla haijatoka. Alinisimamia hapo kichwani, nikaandika." Alisimama, akafungua kabati la chuma alimotundika nguo zake, akasogeza viatu na kutoa gunia la plastiki. "Akaniambia niitupe. Sikuitupa. Sijui kwa nini sikuitupa."

Ndani ya gunia ilikuwa kompyuta, ubavu wake wa kulia umeyeyuka kama mshumaa. Namba nyeupe ilisomeka bado.

Inspekta alirudi karakana ameibeba mwenyewe, akaiweka juu ya barua. Mkurugenzi aliacha kufoka.

"Bwana msanifu," Inspekta alisema. "Hii barua uliiandika lini?"

"Tarehe imeandikwa."

"Tarehe kumi. Na unasema moto ulikuwa umeshatokea."

"Ndiyo."

"Hii kadi ya mtungi ina sahihi mbili. Ya kwanza ni ya mkaguzi aliyekuja tarehe kumi na moja akakuta mtungi umejaa na lakiri haijakatwa. Ya pili ni ya tarehe kumi na nne, mtungi umejazwa upya. Moto wako uliozimwa kwa mtungi huu ulitokea katikati ya hizo siku. Wewe uliusimulia kabla haujawaka."

Msanifu alivaa miwani yake. "Nitakuwa nimekosea tarehe."

"Na siku ya wiki? Umeandika Jumatatu, na tarehe kumi ilikuwa Jumatatu kweli. Aliyekosea tarehe hakosei kwa kupatia hivyo. Ulikaa na kalenda. Nadhani ni Jumapili hii, baada ya kusikia habari za mwalimu."

Msanifu aligeuka. Alimtazama mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa stoo, na mkewe akamtazama vilevile, bila kupepesa.

"Umeniandika mzembe," mkewe alisema.

"Ungefungwa mwaka mmoja. Mimi wangenifunga kumi. Nilifikiri..."

"Nimeelewa ulichofikiri."

"Kwa nini?" Swali lilitoka kwa Mkurugenzi, na kwa mara ya kwanza hakuwa anafoka. "Kifaa chako kilikuwa kizuri. Kwa nini ukakitia kitu kama hicho?"

Msanifu alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kizuri? Nani aliniambia kizuri? Kila kilichorudishwa dukani ulinitupia mezani mbele ya vibarua. Kifaa kinachoringa, ulikiita. Kinachagua kompyuta kama bibi harusi. Nikakuambia kinakataa kwa sababu kinapaswa kukataa, ukasema watu hawanunui kukataliwa. Basi nikakutengenezea kisichokataa."

"Sikukuambia uue mtu."

"Hapana. Uliniambia nisirudi na sababu."

Sajenti aliuondoa mkono wake kwa Mkurugenzi na kuzunguka meza. Pingu zililia mara mbili. Msanifu aliinyoosha mikono yake mwenyewe, ya kwanza, kisha ya pili.

"Zimetoka ngapi?" Inspekta aliuliza.

Mkurugenzi hakuelewa mara moja.

"Adapta za toleo la pili. Zilizoko majumbani kwa watu."

"Mia tatu na kumi na mbili." Alilitamka kisha akajikaza, uso ukafunga tena. "Lakini hapo sisemi neno bila wakili. Nikiwapigia wateja nimekubali kosa. Kampuni inakufa leo."

"Mwalimu amekufa Jumamosi."

"Nimesema wakili kwanza. Wewe una hati ya kupekua, huna hati ya kuniamuru nipige simu. Akija, akisema tupige, tutapiga. Kesho."

Alikuwa sahihi kuhusu hati, na Inspekta alilijua hilo. Alianza kutafuta namba ya mkuu wake kwenye simu. Mpimaji alipita kati yao bila kuomba njia, akaingia ofisini kwa shemeji yake. Ilisikika droo ikivutwa, ikagoma, ikavutwa tena mpaka kufuli likang'oka. Alitoka na boksi la nakala za kadi za dhamana, zenye namba za simu za wateja, kifuani, akalimwaga juu ya meza ya vipimo.

"Shemeji, ukigusa hizo kadi huna kazi hapa," Mkurugenzi alisema.

"Sina."

Alivuta simu ya mezani, akapiga namba ya kadi ya kwanza. Hakugeuka mumewe alipopitishwa nyuma yake, ingawa Msanifu alisimama hatua moja na kumwita kwa jina lake la nyumbani, lile ambalo wafanyakazi hawakulijua. Sajenti alimsukuma taratibu wakatoka.

"Habari, baba. Napiga kutoka kiwandani. Ulinunua kituo cha kompyuta kwetu. Kichomoe sasa hivi. Ukutani kwanza. Ndiyo, nangoja." Alisikiliza, akatia alama kwenye kadi, akapiga nyingine. Huyo alimtukana. Alingoja matusi yaishe, akarudia maneno yaleyale, akatia alama.

Fundi wa meza ya tatu aliinuka, akachukua rundo la kadi na kutoa simu yake mfukoni. Akafuata mwingine. Inspekta akavuta kiti, akajichukulia rundo. Mkurugenzi alibaki amesimama mlangoni mwa ofisi yake, na hakuna aliyempisha wala kumtazama.

Namba ya kadi ya tisa ya Mpimaji iliita kwa muda mrefu sana. Ilipopokelewa alikuwa ni mwanamke wa makamo, anahema.

"Nilikuwa jikoni," mwanamke alisema. "Nani mwenzangu?"

Mpimaji alijieleza. Akauliza kama kituo kimechomekwa.

"Kimechomekwa tangu asubuhi. Tena afadhali umepiga, maana nilitaka kuuliza. Kile chumba kina harufu, sijui kama ya mpira. Ni kawaida?"

Mpimaji alisimama. Kiti chake kilianguka nyuma, na meza zote zikanyamaza.

"Mama, nisikilize. Kuna nani mwingine ndani?"

"Niko na baba mkwe, amelala."

"Usiingie kwenye chumba hicho. Mwamshe mzee, mtoke nje wote wawili. Swichi kuu ya umeme iko wapi?"

"Barazani."

"Izime mkipita. Usikate simu, nenda nayo."

Akaisikia simu ikigongana na kitu, hatua za miguu, sauti ya mwanamke ikimwita mzee aamke, mzee akilalamika kwa usingizi. Mlango. Hatua nyingi, za polepole mno. Swichi ikalia. Mlango mwingine, na baada yake upepo wa nje ukivuma kwenye simu.

"Tumetoka," mwanamke alisema. "Haya, niambie. Kuna nini?"

Mpimaji aliinamisha kichwa juu ya kadi, akaanza kumweleza kila kitu tangu mwanzo, bila kuacha jina la aliyeandika "salama".